Kumkinga mzee asianguke: mazoezi ya nyumbani, ya kikundi, au yaliyochanganywa na kazi za kila siku?

Mama yangu alianguka akiwa na miaka 76, alfajiri, kwenye ua wa nyumba yetu Nkuhungu, Dodoma, akitoka chooni. Hakuteleza wala hakujikwaa. Aligeuka kuokota ndoo, na mguu wa kushoto ukachelewa kuufuata mwili. Hakuvunjika mahali popote, lakini kwa miezi mitatu iliyofuata alitembea akishika ukuta, akaacha kwenda sokoni, akaacha hata kuketi barazani na jirani zake, na kadiri alivyojizuia kutembea ndivyo miguu ilivyozidi kulegea. Wanaouguza wazee wanaujua mzunguko huu: hofu humkalisha mzee, kukaa hudhoofisha misuli, na misuli iliyodhoofika humwangusha tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la waliopita miaka 60. Huku kwetu tumezoea kusema "ni uzee huo" na kuishia hapo, ilhali kuanguka ni miongoni mwa madhara ya uzeeni ambayo mazoezi yamethibitishwa kuyapunguza. Kilichonipa kazi ni kuchagua, kwa kuwa programu zilizofanyiwa utafiti ni kadhaa, kila moja ilibuniwa katika nchi ya mbali yenye nyumba na shughuli zisizofanana na zetu, na mtu akizisoma kwa haraka anaweza kudhani kwamba zote ni sawa. Nimezilinganisha kwa jicho la mtu anayeishi Dodoma, nikimfikiria mzee wa mjini, anayeishi Makole au Kizota, na yule wa kijijini Mvumi, Bahi au Kongwa, ambaye bado anashika jembe.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba si kila zoezi linazuia kuanguka. Mapitio makubwa ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki 23,407 kutoka nchi 25, yalionyesha kwamba mazoezi kwa ujumla hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Programu zilizounganisha mazoezi ya kusimamisha mwili bila kuyumba na yale ya kuimarisha misuli zilipunguza kwa asilimia 34, na taichi (mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu) kwa asilimia 19. Kuhusu kutembea peke yake, kunyanyua uzito peke yake, na kucheza ngoma au dansi peke yake, watafiti hawakupata ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba vinasaidia. Nakiri kwamba hilo la ngoma liliniuma kidogo, kwa sababu nimewaona akina bibi wa Kigogo wakicheza muheme kwa miguu imara kuliko ya vijana, na bado naamini ngoma ina faida nyingi kwa moyo na kwa nafsi. Lakini anayetafuta kinga dhidi ya kuanguka asiitegemee ngoma peke yake.

Nianze na kutembea, maana ndio ushauri ambao kila mtoto humpa mzazi wake: "Mama, uwe unatembeatembea." Kutembea ni kuzuri kwa mapafu, kwa shinikizo la damu na kwa sukari. Hata hivyo, mguu unapotembea kwenda mbele katika njia iliyozoeleka, mwili haujifunzi kujiokoa unapoyumba pembeni au unapogeuka ghafla, na huko ndiko wazee wengi wanakoangukia. Jaribio moja lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1997 liliwahimiza wanawake waliokuwa wamewahi kuvunjika mkono watembee kwa mwendo wa haraka, na hatimaye wakaanguka zaidi kuliko wenzao ambao hawakutembezwa. Kwa njia zetu zenye kichanga, makorongo na bodaboda zinazotokea nyuma bila kupiga honi, onyo hilo lina uzito. Kutembea kuje baada ya miguu kuimarishwa, tena kuwe nyongeza.

Pima kwanza, ndipo uchague

Kabla ya kulinganisha programu zenyewe, mzee apimwe nyumbani kwa njia rahisi ambayo haihitaji kifaa. Asimame karibu na ukuta au meza nzito, mtu mzima mwenye nguvu akiwa ubavuni pake tayari kumdaka. Kwanza asimame miguu ikiwa pamoja. Kisha mguu mmoja usogee mbele nusu ya unyayo. Kisha kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mguu mwingine, kama mtu aliyesimama juu ya kamba. Mwisho asimame kwa mguu mmoja. Kila mkao ashikilie kwa sekunde 10 bila kushika kitu. Anayeshindwa kufikisha sekunde 10 katika mkao wa tatu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Kipimo cha pili ni kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi, kwa mwendo wake wa kawaida: akitumia sekunde 12 au zaidi, hiyo nayo ni dalili.

Mama alishikilia mkao wa tatu kwa sekunde 4. Namba hiyo ndogo ndiyo iliyotuchagulia programu, kuliko maelezo yoyote niliyoyasoma.

Wapo ambao hawapaswi kuanza lolote kabla ya kumwona daktari: aliyeanguka akapoteza fahamu, anayesikia kizunguzungu kila anaposimama, mwenye maumivu ya kifua, aliyevunjika mfupa hivi karibuni, na ambaye mguu wake mmoja umekufa ganzi au umelegea ghafla. Katika vituo vya serikali aanzie kwenye dirisha la wazee.

Programu ya Otago: nyumbani, kiti na mfuko wa mchanga

Programu hii ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Otago, mjini Dunedin, New Zealand, na jaribio lake la kwanza, lililochapishwa mwaka 1997, liliwahusisha wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na kuendelea. Majaribio yake manne yalipojumlishwa, yenye washiriki 1,016 wenye miaka 65 hadi 97, kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35, na walionufaika zaidi ni waliopita miaka 80 ambao walikuwa wamekwisha kuanguka. Hilo ndilo lililonivutia, kwa sababu programu nyingi huwafaa wazee ambao bado wana nguvu, wakati hii ilijengwa kwa ajili ya wale ambao familia zimekwisha kuwakatia tamaa.

Ina mazoezi matano ya nguvu na kumi na mawili ya kusimamisha mwili. Ya nguvu ni kunyoosha goti ukiwa umeketi, kukunja goti nyuma ukiwa umesimama, kupeleka mguu pembeni, kuinuka kwa vidole na kuinuka kwa visigino. Yale matatu ya mwanzo hufanywa kwa uzito uliofungwa kwenye kifundo cha mguu. Ya kusimamisha mwili ni pamoja na kukunja magoti kidogo ukiwa umesimama, kutembea kinyumenyume, kutembea kwa ubavu, kutembea ukichora namba nane, kusimama kwa mguu mmoja, na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono. Hufanywa kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, siku moja ya mapumziko ikipita katikati, na anayeweza huongeza matembezi angalau mara mbili kwa wiki. Mtaalamu humtembelea mzee mara nne au tano katika miezi miwili ya mwanzo, akimwongezea ugumu, kisha humrudia baada ya miezi sita.

Hapo kwenye mtaalamu ndipo penye kikwazo kwetu, kwa kuwa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ni wachache na ni nadra kwao kufika majumbani. Njia iliyotufaa ni kumpeleka Mama kwa mtaalamu mara moja, mjukuu wake wa miaka 19 akiwepo, akaelekezwa kila zoezi na kuliandika kwenye daftari kwa mchoro, kisha tukarudi kila baada ya wiki tatu ili mtaalamu aamue kama ni wakati wa kuongeza. Anayeishi mjini anaweza kuulizia huduma hiyo hospitali ya Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita General. Nauli ya bajaji ya safari chache inalipika kuliko gharama ya nyonga iliyovunjika.

Vifaa havina shida. Kiti kiwe cha mbao, kizito, chenye mgongo. Cha plastiki kinateleza kwenye sakafu ya saruji na hakifai kabisa kushikiliwa. Uzito tulishona wenyewe kwa kitambaa cha jinzi, tukajaza mchanga mkavu hadi kilo 1, tukathibitisha kwenye mizani ya duka la jirani. Wapo wanaouliza kama uzito ni lazima. Ni lazima, kwa maana kwamba misuli isiyopewa kazi ngumu kidogo kuliko iliyoizoea haiongezeki nguvu, na mzee anayerudia zoezi lilelile jepesi kwa mwaka mzima anapoteza muda wake.

Udhaifu wa Otago ni upweke. Mzee hufanya peke yake, ndani, na baada ya miezi michache wengi huacha. Bila mtu wa nyumbani wa kumwambia "Bibi, leo ni Jumatano", programu hufa.

Taichi: polepole, kwa kikundi

Taichi ni mazoezi ya asili ya China yanayofanywa kwa mwendo wa taratibu, magoti yamekunjwa kidogo, uzito wa mwili ukihamishwa kutoka mguu hadi mguu huku kiwiliwili kikigeuka. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba inafundisha kile hasa kilichomwangusha Mama: kugeuka ukiwa umesimama juu ya mguu mmoja. Mwaka 1996 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha jaribio la wiki 15 lililoonyesha kwamba hatari ya kuanguka mara kwa mara ilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2018 likaja jaribio kubwa zaidi, la jimbo la Oregon, lililowachukua wazee 670 wenye miaka 70 na kuendelea ambao walikuwa wameanguka au walikuwa na shida ya kutembea. Walifanya mazoezi kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Waliofanya taichi walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, na kwa asilimia 31 pungufu hata kuliko waliofanya mazoezi mchanganyiko ya nguvu na ya kusimamisha mwili.

Msomaji makini atauliza: imekuwaje mapitio ya jumla yakataja asilimia 19 na jaribio hili likafikia 58? Sehemu ya jibu ni kwamba taichi ziko za aina nyingi, na ile ya Oregon ilikuwa imefupishwa kuwa mikao 8 na kurekebishwa mahususi kwa ajili ya watu wanaoyumba. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Kikundi kinachonyoosha mikono juu na kupumua kwa utulivu bila kuhamisha uzito wa miguu hakijafanya zoezi la kuzuia kuanguka, hata kikijiita cha taichi.

Je, inawezekana hapa? Mjini, ndiyo, kwa juhudi. Mwalimu wa taichi si mtu wa kumkuta kila mtaa, ingawa Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius inayofundisha lugha na utamaduni wa Kichina, na hapo ndipo pa kwanza pa kuulizia. Uwanja hauna shida: ua wa kanisa, wa msikiti au wa ofisi ya mtaa unatosha. Baadhi ya wazee huuliza kama taichi ni ibada ya kigeni. Swali hilo lijibiwe kwa heshima na mapema, kabla halijavunja kikundi: katika programu hizi hakuna sala wala dua, ni mwendo wa miguu na mikono.

Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Wiki 24 ni karibu miezi sita, na mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, ambapo kuanzia Novemba au Desemba mzee wa kijijini yuko shambani na hatarudi kwenye mazoezi hadi baada ya mavuno ya mtama na uwele. Kikundi kinachoanzishwa Januari kitakufa Februari. Kikianza Juni, kinamaliza wiki zake kabla mvua haijashika. Juni na Julai asubuhi kuna baridi na upepo mkali, viungo vya wazee huwa vimekakamaa, hivyo heri saa nne asubuhi au saa kumi alasiri.

Taichi ningemshauri mzee anayefikisha sekunde 10 katika mkao wa tatu, anayeweza kujifikisha uwanjani mwenyewe, na anayechangamka akiwa na wenzake. Kwa anayetembea akishika ukuta, ni mapema mno.

Mazoezi ndani ya kazi za nyumbani

Nchini Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walibuni programu iitwayo LiFE ambayo haina kipindi cha mazoezi kabisa. Mzee hufundishwa kanuni chache, kisha huziingiza katika anayoyafanya kila siku. Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 2012, liliwahusisha watu 317 wenye miaka 70 na kuendelea waliokuwa wameanguka mara mbili au kuumia kwa kuanguka katika mwaka uliotangulia, na kuanguka kulipungua kwa asilimia 31. Mafunzo yalikuwa vipindi vitano, viwili vya kukumbushia, na simu mbili.

Nakiri kwamba hii ndiyo naipenda zaidi kwa ajili ya vijiji vyetu. Mwambie bibi wa Mvumi aweke jembe chini ili anyanyue mguu mara kumi, atakuona mtoto usiye na kazi. Lakini mwambie kwamba anaposubiri maji ya ugali yachemke asimame kisigino kikigusa vidole, mkono ukiwa karibu na mhimili wa jiko. Kwamba anapoinuka kwenye kigoda asijisukume kwa mikono. Kwamba anapokwenda stoo apite kwa ubavu akifuata ukuta. Kwamba anapovuka kizingiti ainue goti juu kuliko inavyohitajika. Kwamba anapookota kuni akunje magoti badala ya kukunja mgongo. Atakuelewa, kwa sababu hujamtoa katika maisha yake. Kigoda chenyewe ni hazina: kuinuka kutoka chini vile ni kazi nzito kwa paja kuliko kuinuka kwenye kiti, na wazee waliohamia kwenye makochi mjini wameipoteza bila kujua.

Pengine mtu atasema kwamba mkulima anayeinama kutwa hana haja ya lolote zaidi. Kulima kunaimarisha, lakini ni mwendo uleule, miguu imepanuka, na mwili haulazimishwi kusimama juu ya nafasi ndogo. LiFE inaongeza kile kinachokosekana.

Sharti moja lisivunjwe: zoezi la kusimama kwa shida lisifanywe mikono ikiwa imebeba ndoo, sufuria ya moto au mtoto. Programu hii pia haimfai mzee anayesahau, kwa kuwa inategemea akumbuke mwenyewe mara nyingi kwa siku, na haina uzito wa kuongezwa kilo kwa kilo kama Otago.

Ipo pia programu ya Uingereza iitwayo FaME, ya kikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 36 pamoja na mazoezi ya nyumbani, iliyojaribiwa kwa wanawake wa miaka 65 na zaidi walioanguka mara tatu au zaidi na ikapunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Inahitaji mwalimu aliyefunzwa kwa muda mrefu, hivyo kwa sasa siipendekezi kama ilivyo. Lakini ina somo moja ambalo kila familia ilichukue, hata ikichagua programu nyingine: kuinuka kutoka sakafuni. Mzee afundishwe, akiwa mzima na juu ya mkeka, kwamba akianguka atulie kwanza na kujikagua kama ameumia; asipokuwa na maumivu makali ageuke ubavu, ajiinue kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono juu yake, apeleke mbele mguu wenye nguvu, na kujisukuma. Mama aliogopa sana mara ya kwanza. Alipoweza, hofu ya kutembea ilipungua kuliko ilivyopunguzwa na zoezi lolote.

Tulivyochagua

Kwa sekunde zake 4, tulianza na Otago, ndani, mjukuu akiwa ubavuni. Katika mwezi wa pili wa mazoezi tukaongeza kanuni za LiFE jikoni, kwa kuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa pekee hazikumtosha. Mapitio ya utafiti yanaonyesha kwamba wanaofanya saa tatu au zaidi kwa wiki, mazoezi ya kusimamisha mwili yakiwamo, ndio wanaonufaika zaidi, na saa hizo hazipatikani kwa Otago peke yake. Katika mwezi wa tano wa mazoezi alifikisha sekunde 10. Kikundi tumekiweka kwa ajili ya Juni ijayo.

Kwa mzee wa kijijini aliye mbali na mtaalamu lakini mwenye akili timamu na kazi nyingi, ningeanza na LiFE. Kwa aliyepita miaka 80 na kuanguka tayari, popote alipo, Otago kwanza, hata kama ni kwa safari mbili tu za kwenda kuelekezwa.

Kuna mambo ambayo programu hizi hazitayarekebisha: dawa za usingizi au za shinikizo zinazomfanya apepesuke, mtoto wa jicho, kandambili zilizolika, na njia ya chooni isiyo na taa. Hayo yashughulikiwe sambamba.

Baada ya wiki 12, mrudishe mzee kwenye ukuta uleule, umpime tena mkao uleule. Sekunde zikiwa hazijaongezeka, ingawa amefanya mazoezi bila kukosa, yaelekea mazoezi ni mepesi mno: ongeza mchanga kwenye mfuko, au mwambie aache kushika kiti kwa mkono mzima, ashike kwa vidole viwili.